Haikuwa Mimba: Somo la Bezoa kwa Tunaokwenda TP

Ndugu zangu wa elimu, msimu wa TP ndio huo unakaribia. Maandalio ya somo na maazimio ya kazi tumeandika mpaka mikono inauma, na wasimamizi watakuja kuyakagua. Lakini kuna jambo moja sikufundishwa darasani. Nilijifunza nikiwa field mwaka jana, tena kwa aibu, na ndilo nataka tugawane hapa. Linahusu kitu kinaitwa bezoa. Hukutani nacho kila siku, na pengine utastaafu hujakiona. Ila ukikutana nacho bila kukijua, mtoto anaweza kukufia huku mmekaa stafu rumu mnacheka.

Nitaanza na kisa, halafu tuingie kwenye somo lenyewe, mwisho tuone mwalimu anatakiwa afanye nini.

Kisa chenyewe

Shule niliyopangiwa ni ya kata, ina hosteli ya wasichana. Jina lake sitalitaja, wala mkoa. Mwanafunzi nitamwita Binti tu. Yeye na mama yake wanajua kwamba naandika, na wamekubali.

Binti alikuwa kidato cha pili, dawati la tatu upande wa dirishani. Mimi nilikuwa nafundisha Baiolojia, na mada iliyokuwepo, cha ajabu, ilikuwa ni mfumo wa mmeng'enyo wa chakula. Alikuwa na tabia ya kutafuna mkono wa sweta lake. Anavuta uzi kwa meno, anausokota ulimini, anameza. Kufikia wiki ya tatu, mkono wa kushoto wa lile sweta ulikuwa umeishia karibu na kiwiko. Nilimkanya mara mbili mbele ya wenzake. Mara ya tatu nikamtoa nje ya darasa. Kwenye daftari langu la tathmini niliandika: "Hayupo makini, anachezea nguo."

Baadaye akaanza kushindwa kula. Anakula vijiko vitatu vya ugali na maharage, anasema ameshiba. Mikono ikakonda, lakini tumbo juu ya kitovu likawa limejaa. Asubuhi moja akatapika mstarini. Mnajua wenyewe stafu rumu ilisema nini. Mwalimu mmoja akatamka, "Huyo kashanasa," wenzake wakacheka, na mimi nikacheka. Akapelekwa kupimwa mimba, hana. Mtu akasema kipimo kimekosea, akapimwa tena, hana. Baada ya hapo hakuna aliyeuliza swali la pili, ambalo ni rahisi tu: kama si mimba, basi ni nini?

Wiki ya sita, usiku, matroni alinigongea mlango. Binti alikuwa anajikunja. Maumivu yanakuja kwa mawimbi, yanaachia, yanarudi. Anatapika matapishi ya kijani. Siku mbili hajapata choo, hata kujamba hajajamba. Tulimpeleka hospitali kwa gari la mwalimu wa taaluma, kule wakampiga picha, wakatupa rufaa usiku huo huo. Alfajiri akafanyiwa upasuaji.

Kilichotolewa tumboni mwake kilikuwa bonge jeusi, linanuka, lenye umbo la tumbo la chakula kabisa, kama vile limemiminwa kwenye kalibu. Chini yake kulikuwa na mkia uliokuwa umeingia kwenye utumbo mdogo. Ni nywele na nyuzi. Nywele alikuwa amezila tangu shule ya msingi, ambako walikuwa wanaruhusiwa kusuka. Alipoingia sekondari akanyolewa, akahamia kwenye sweta na manyoya ya blanketi. Daktari aliniuliza kwa upole tu, "Mwalimu, hamkuwa mnamwona anakula nyuzi?" Tulimwona. Mimi nilikuwa nimeandika kabisa.

Bezoa ni nini?

Bezoa ni bonge la vitu visivyomeng'enywa ambalo hujikusanya na kushikamana ndani ya njia ya chakula, mara nyingi kwenye tumbo la chakula. Haliji kwa siku moja. Mtu anameza kidogo kidogo, vile vitu havitoki, vinashikana na vipya vinavyoingia, na baada ya miezi au miaka anakuwa na bonge.

Kwa nini havitoki? Kumbukeni tulichosoma. Tumbo la chakula la mtu mzima hubeba kama lita 1 hadi 1.5. Kazi yake ni kusaga na kuchanganya chakula na asidi na vimeng'enya mpaka kiwe kama uji. Mlango wake wa chini ni mchoyo: wakati wa kumeng'enya unapitisha vipande vidogo sana, vya kama milimita 2 kushuka chini. Vikubwa vinarudishwa visagwe tena. Vile vilivyoshindikana kabisa, kama mbegu na makapi, husubiri tumbo likiwa tupu. Hapo kila baada ya dakika 90 hadi 120 huja wimbi kubwa la misukumo linalofagia mabaki kuelekea kwenye utumbo. Ule mngurumo unaousikia tumboni kipindi cha saa tano bila chai, sehemu yake ni huo ufagio.

Nywele zinaushinda ufagio. Kwanza zimeundwa kwa keratini, protini yenye viunganishi vya salfa ambavyo vimeng'enya vya tumbo letu haviwezi kuvikata. Pili zinateleza, misukumo haizishiki vizuri. Tatu ni ndefu, zinanasa kwenye mikunjo ya ukuta wa tumbo. Ukitaka kuelewa haraka, nenda bafu za hosteli yoyote ya wasichana Jumapili jioni baada ya watu kufumua nywele. Maji yanapita, sabuni inapita, nywele zinabaki kwenye tundu, na kila uchafu unaopita unanasia hapo. Sasa fikiria tundu hilo halina mtu wa usafi.

Aina zake

Madaktari huzigawa kulingana na kitu kilichounda bonge.

Trikobezoa ni ya nywele, na ndiyo aliyokuwa nayo Binti. Hupatikana zaidi kwa wasichana na wanawake vijana. Nyuzi za nguo, sufu na mazulia huweza kuchanganyika humo. Mkia ukishuka mpaka kwenye utumbo mdogo, hali hiyo inaitwa sindromu ya Rapunzel, jina la msichana wa nywele ndefu katika hadithi za ndugu Grimm wa Ujerumani. Jina hilo lilianza kutumika katika udaktari mwaka 1968.

Faitobezoa ni ya nyuzinyuzi za mimea, na kwa watu wazima ndiyo inayoonekana zaidi. Inayojulikana sana inatokana na tunda la pasimoni, linaloliwa kwa wingi Japani, Korea na nchi za Mediterania. Tunda hilo, hasa likiwa bichi, lina tanini ambayo ikikutana na asidi ya tumbo inaganda kama gundi na kukusanya nyuzinyuzi. Hata nyama ya chungwa yenye nyuzi, ikimezwa bila kutafunwa, inaweza kufanya bonge. Wanaopata ni hasa wazee wasio na meno, wagonjwa wa kisukari ambao tumbo lao limekuwa zito kusukuma, na watu waliowahi kukatwa sehemu ya tumbo la chakula. Mbegu nazo, za tikitimaji au alizeti, mtu akizimeza nyingi huweza kujipanga na kuziba huko chini karibu na njia ya haja kubwa.

Laktobezoa ni ya maziwa, huwapata watoto wachanga, hasa njiti, na mara nyingi maziwa ya kopo yanapokorogwa mazito kupita kiasi. Farmakobezoa ni ya dawa: vidonge vilivyotengenezwa viyeyuke polepole vinaweza kushikamana, na dawa za kulainisha choo zenye nyuzinyuzi, zikinywewa bila maji ya kutosha, huvimba na kuganda njiani.

Kwetu kuna ndugu wa karibu wa tatizo hili, ingawa si bezoa: fundo la minyoo. Mtoto mwenye minyoo mingi ya askari anaweza kuzibwa utumbo na minyoo iliyojisokota pamoja. Kwa hiyo siku ya dawa za minyoo shuleni, msiichukulie kama siku ya kupoteza vipindi. Na wafugaji wanalijua tatizo hili kwa sura nyingine. Ng'ombe au mbuzi aliyekula mifuko ya plastiki jalalani hujaza tumbo lake la kwanza, anaacha kula, anakonda, anakufa ameshiba plastiki. Mifuko hiyo Tanzania Bara tuliipiga marufuku tarehe 1 Juni 2019, lakini iliyotupwa zamani haijaoza.

Zamani waliiita dawa

Wasomaji wa Harry Potter watakuwa wamekumbuka: kule bezoa ni jiwe la tumboni mwa mbuzi linalozuia sumu. Mwandishi hakulitunga hilo. Neno lenyewe lina asili ya Kiajemi, padzahr, maana yake kinga ya sumu. Likapita kwa Waarabu, likafika Ulaya, na kwa karne nyingi wafalme walinunua mawe ya tumboni mwa mbuzi kwa bei kubwa.

Katika karne ya 16 daktari mpasuaji wa Ufaransa, Ambroise Paré, hakuamini. Mfalme Charles IX alikuwa nalo moja na analisifia. Kulikuwa na mpishi aliyehukumiwa kunyongwa kwa kuiba vyombo vya fedha. Akapewa uchaguzi: anyongwe, au anywe sumu kisha apewe bezoa, na akipona awe huru. Akachagua sumu. Alikufa baada ya saa chache kwa mateso makubwa. Nilipokisoma kisa hiki nilibaki namfikiria yule mpishi kuliko jiwe, lakini funzo la kisayansi lipo: watu waliliamini kwa karne nyingi kabla ya mtu mmoja kusema tujaribu tuone. Sisi stafu rumu tulijaribu, vipimo viwili vikasema hana mimba, na bado tukaendelea kuamini.

Inazibaje, na utaijuaje?

Bezoa ikiwa tumboni inaweza kukaa kimya muda mrefu. Dalili zake ni za kawaida mno, ndiyo maana zinatupita: kushiba haraka, kichefuchefu, kutapika, maumivu ya juu ya kitovu, kukonda, upungufu wa damu, mdomo kutoa harufu. Wakati mwingine mtu akishika tumbo anagusa kitu kigumu kinachosogea. Bonge linasugua ukuta wa tumbo na kuleta vidonda, na vidonda vinaweza kutoboka.

Hatari kubwa inakuja kipande kinapokatika, au mkia unaposhuka, kikaingia utumbo mdogo. Utumbo huo una urefu wa kama mita 6, na sehemu yake ya mwisho, kabla ya kuungana na utumbo mpana, ndiyo nyembamba zaidi. Hapo ndipo vipande vingi hukwama. Nyuma ya kizuizi chakula, maji na hewa vinajaa. Utumbo unasukuma kwa nguvu kupita kizuizi, ndiyo yale maumivu ya mawimbi. Visipopita vinarudi juu: kutapika, tena matapishi ya kijani kwa sababu yamebeba nyongo. Chini hakuna kinachofika, hivyo hakuna choo wala hewa. Mwili unapoteza maji na chumvi. Utumbo ukivimba sana damu inashindwa kuufikia, unaanza kuoza. Kutoka hapo tunahesabu masaa.

Hospitalini wanatumia picha ya eksirei, ultrasaundi au CT skani, au wanaingiza kamera ndogo kupitia mdomoni, yaani endoskopi.

Matibabu, na habari ya soda

Hapa nisikilizeni vizuri, maana najua nusu yenu mmeshasikia kwamba Coca-Cola inayeyusha bezoa. Ni kweli, lakini si kwa namna mnavyofikiri. Mwaka 2002 madaktari wa Ugiriki waliandika kuhusu wagonjwa wa faitobezoa waliopitishiwa lita 3 za kinywaji hicho kwa saa 12, kupitia mpira wa puani, wakiwa hospitalini. Mapitio ya baadaye yalionyesha kwamba peke yake iliyeyusha kabisa kwa karibu nusu ya wagonjwa, na ikiunganishwa na kamera ya kuvunja mabonge, mafanikio yalizidi asilimia 90. Inasaidiwa na asidi yake pamoja na mapovu ya gesi yanayopenya kwenye nyuzinyuzi.

Lakini hiyo ni ya mimea. Nywele haziyeyuki kwa soda. Na hata bonge la mimea likilainika nusu, kipande kinaweza kushuka na kuziba utumbo, ukawa umetoka kwenye tatizo la tumbo ukaingia kwenye dharura. Kwa hiyo usimpe mtoto anayetapika kijani soda, wala dawa ya kuharisha. Utumbo uliozibwa ukichochewa unaweza kupasuka. Asile, asinywe, apelekwe hospitali. Trikobezoa kubwa karibu zote hutolewa kwa upasuaji.

Na upasuaji unatoa bonge, hautoi tabia. Kung'oa nywele bila kuweza kujizuia ni ugonjwa unaotambulika, unaitwa trikotilomania, na mara nyingi huanza kati ya miaka 10 na 13, yaani darasa la tano mpaka kidato cha kwanza. Baadhi ya wenye tabia hiyo huzila hizo nywele. Kula vitu visivyo chakula, udongo ukiwemo, pia huambatana na upungufu wa madini ya chuma, hivyo apimwe damu. Tiba yake kubwa ni mazungumzo ya kitaalamu yanayomfundisha mtu kutambua mkono unapoanza kwenda kichwani na kuupa kazi nyingine. Bila hivyo bonge linaweza kurudi.

Mwalimu afanye nini?

Kwanza, usimwaibishe. Mtoto anayekula nywele au nyuzi tayari anaona haya, ukimsema mbele za watu atakwenda kufanya chooni. Binti aliniambia baadaye kwamba siku niliyomtoa nje ndiyo alianza kula blanketi usiku, kwa sababu huko hakuna anayemwona. Sentensi hiyo natembea nayo.

Pili, muulize peke yake, ukiwa na matroni au mwalimu wa malezi. Swali liwe wazi na la kawaida: "Mwanangu, nimeona unakula nyuzi. Ulianza lini? Tumbo linauma?" Angalia kama kuna sehemu za kichwa zenye upara au nyusi zilizopungua. Mjulishe mzazi bila kumshtua.

Tatu, mtoto anayekonda huku tumbo limejaa, anayeshiba kwa vijiko vitatu, anayetapika mara kwa mara, aonwe na daktari. Kipimo cha mimba si uchunguzi wa tumbo. Hata kama angekuwa mjamzito, bado ni mtoto anayehitaji kusaidiwa. Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba wanaokatisha masomo kwa ujauzito wanaruhusiwa kurudi shule. Midomo yetu ndiyo haijapata tangazo.

Nne, maumivu ya mawimbi, matapishi ya kijani, tumbo kukaza, hakuna choo wala hewa: ni usiku huo huo, hakuna kusubiri asubuhi.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini vimeng'enya vya tumbo haviwezi kusaga nywele?
2. Taja makundi matatu ya watu walio katika hatari ya faitobezoa.
3. Mwanafunzi wako anatapika na anasema hajapata choo siku mbili. Mwenzako anataka kumpa soda. Utamwambia nini?
4. Umeandika kwenye daftari "hayupo makini". Ni swali gani ulipaswa kumuuliza mwanafunzi kabla ya kuandika?

Swali la nne halina majibu nyuma ya kitabu. Binti yuko kidato cha tatu sasa, anakula sahani nzima, na kila mwezi anaonana na mshauri wa hospitali. Kabla sijamaliza TP nilikwenda wodini nikamwomba msamaha. Aliniangalia kidogo, kisha akasema, "Madam, ile mada ya utumbo hatukuimaliza." Tuliimalizia pale pale kitandani, nikichora nyuma ya karatasi ya chati ya dawa, mpaka nesi akanifukuza.